Siku Kapteni Joto Alipokosa Swali

Lyle Wojtasik alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili na cheo kimoja tu duniani: Mlinzi wa Mlango. Kwenye ghala la matairi alikofanya kazi alikuwa Lyle tu, yule wa zamu ya asubuhi. Nyumbani hata paka wake hakumjali mpaka asikie kopo linafunguliwa. Lakini kila Jumamosi ya tatu ya Machi, katika ukumbi wa Wapolandi wa pale Parma, watu wenye vyeti ukutani na magari ya maana walipanga foleni mbele ya meza yake, wametulia kama wanaongoja kudungwa sindano, ili awaulize maswali matatu.

Maswali yalimhusu Kapteni Joto. Mwaka wa themanini na nne, kila Jumanne, runinga ilimwonyesha fundi mmoja wa vyombo vya jikoni aliyefungiwa kwa bahati mbaya ndani ya bohari la maikrowevu. Radi ikapiga, na tangu siku hiyo akawa anaweza kupasha joto kitu chochote kwa kukitazama. Kasoro ni kwamba nguvu zilidumu dakika tatu tu. Zikiisha, kengele ililia kifuani mwake, ting!, ikambidi akae chini apumzike hata kama jengo linaungua. Alikuwa na nywele zilizotiwa dawa zikavimba kama kichaka, mabega ya sponji, na soksi ndefu zisizo na nyayo zilizopanda mpaka magotini. Adui yake, Malkia Jokofu, alitaka kuugandisha mji mzima ili nyama isiharibike. Vilitoka vipindi kumi na vitatu, kisha wenye runinga wakakiondoa kipindi chote, wakaweka mahali pake shindano la kukisia uzito wa maboga.

Lyle alivitazama vyote na dada yake Marlene, yeye akiwa na miaka kumi na mmoja na dada kumi na mitano, kwenye kochi la mama yao lililofunikwa nailoni lisichafuke. Marlene ndiye aliyesimamisha kinasa video matangazo yalipoanza na kukiachia yalipokwisha, kwa hiyo mikanda yao haikuwa na tangazo hata moja. Marlene ndiye aliyemshonea joho lake la kwanza, kwa pazia la bafuni. Na Marlene ndiye ambaye Lyle alimfungia mlango mwaka elfu mbili na tano, kwa sababu ya yai.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Chama cha wapenzi wa Kapteni Joto kilianza na watu tisa. Mwaka wa tisini na tatu akaingia bwana mmoja, akala, akanywa, akashinda bahati nasibu, kumbe alidhani ni mkutano wa wauza majiko. Lyle aliumia sana. Kesho yake akaandika Kanuni ya Nne: kila anayeingia atajibu maswali matatu yaliyochomolewa kwenye kasha la viatu, na akikosa moja, arudi mwakani. Kwa kuwa hasira zilikuwa bado zinamchemka, akamalizia hivi: “Kanuni hii haina ndugu wala rafiki, hata Kapteni Joto mwenyewe akija.” Wenzake wakapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Nani angedhani kwamba Kapteni Joto angekanyaga Parma?

Basi mwaka elfu mbili na tano Marlene akaangukiwa na swali la kipindi cha saba. Gari la Kapteni lilipopinduka, mayai mangapi yalipasuka? Marlene akasema kumi na moja. Kadi ikasema kumi na mawili. Marlene akasema moja lilibingirika chini ya kiti likabaki zima, yeye aliliona kwa macho yake. Lyle akasema kadi ni kadi. Aliyasema hayo mbele za watu, amevaa joho. Dada yake akavua utepe wa kichwani, akauweka mezani polepole, akasema, “Mimi siulizwi tena na wewe mpaka nife.” Akageuka, akaingia jikoni mwa ukumbi ambako akina mama wa Kipolandi walikuwa wanapika chakula cha mkutano, akafunga aproni.

Jikoni hakukuhesabiwa kuwa mkutanoni. Lyle mwenyewe alitoa uamuzi huo, maana la sivyo wangekufa njaa. Kwa hiyo tangu mwaka ule, mara moja kwa mwaka, Marlene alimpitishia mdogo wake sahani ya pirogi, zile sambusa za Kipolandi za kuchemshwa, kwenye dirisha la jikoni bila kusema neno, na Lyle akaipokea bila kusema neno. Zilikuwa pirogi zake hasa, za viazi na jibini, kingo zimebanwa kwa uma. Lyle alizila zote, akapangusa krimu chachu kwa mkate, akarudisha sahani. Miaka ishirini hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Kila mwaka alisimama pale dirishani akitaka kuongeza kitu, lakini angeongeza nini? Akisema kanuni ilikosea, cheo chake kimekwisha. Akisema haikukosea, hilo alishalisema.

Mwaka huu Kapteni Joto alikuwa anakuja.

Aliyempata ni Shawnda Pettibone, katibu wa chama, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyefanya kazi kwa daktari wa meno na ambaye hakuwa amezaliwa kipindi kilipoondolewa. Aliviona vyote kwenye mikanda ya mjomba wake akapagawa navyo. Alimwandikia Denny Vandermolen, mwigizaji mwenyewe, barua kumi na saba bila kujibiwa. Ya kumi na nane Denny akajibu: anakuja, mradi awepo mtu wa kumchukua uwanja wa ndege na chakula kisiwe na pilipili. Alikuwa na miaka sabini na sita, na tangu wamwondoe kwenye runinga alikuwa akiuza mashua huko Florida.

Siku hiyo theluji ilikuwa imegeuka matope na upepo wa ziwani ulikuwa unakata masikio. Kufikia saa sita mchana wanachama arobaini na sita walikuwa wamekwishaulizwa na kupita. Ndani kulikuwa na kinanda cha umeme kikilia kwenye kanda, meza ya michezo ya video ya zamani iliyoharibika, na wanaume wazima wenye nywele za bandia wakilinganisha vitambi. Shawnda alikuja kama Malkia Jokofu, amevaa mlango wa friji halisi kifuani, na kila alipogeuka alimwangusha mtu. Jukwaani palikuwa na kiti kikubwa kilichozungushiwa taa za waridi na zambarau. Kiti hicho kilikuwa kimewekwa kila mwaka tangu mwanzo, na hakuna aliyewahi kukikalia.

Gari likasimama nje. Mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mrefu mwenye koti la mvua na upara unaong’aa. Mtu mmoja nyuma akaanza kulia kwa sauti, mwingine akamwambia nyamaza wewe, unanizuia kusikia.

“Karibu sana, Kapteni,” Lyle akasema.

“Asante, kijana. Choo kiko wapi?”

Akainua mguu apite. Ndipo Ervin Tuttle alipokohoa. Ervin alikuwa mpeleka barua mstaafu, na kazi yake pale mezani ilikuwa kutikisa kasha la viatu na kuhakikisha Lyle hachungulii kadi. Katika maisha yake yote hakuwahi kupeleka barua kwenye nyumba isiyo ya mwenye barua.

“Lyle,” akasema. “Kanuni ya Nne.”

“Ervin, bwana wee, huyu ni yeye.”

“‘Hata Kapteni Joto mwenyewe akija.’ Si maneno yangu. Ni yako. Tumeyachapa nyuma ya beji.”

Watu arobaini na sita wakageuza beji zao wakasoma.

Lyle akatazama upande wa dirisha la jikoni. Marlene alikuwa amesimama pale, upawa mkononi. Hakununa, hakucheka. Alimtazama mdogo wake kama mtu anavyotazama sufuria ajue itafurika au haitafurika. Na Lyle akaona jinsi alivyonaswa. Akimpitisha mzee huyu kwa sababu ni maarufu, basi dada yake alifukuzwa kwa sababu alikuwa dada tu. Akimzuia, atakuwa amemzuia Kapteni Joto asiingie kwenye mkutano wa Kapteni Joto.

“Mzee wangu,” akasema, “ni maswali matatu tu. Mepesi. Ni habari zako mwenyewe.”

“Choo kwanza.”

“Choo kiko ndani.”

“Basi uliza upesi, kijana, mimi nimetoka uwanja wa ndege na kahawa mbili.”

Ervin akatikisa kasha. Lyle akachomoa kadi. “Nguvu za Kapteni Joto hudumu dakika ngapi?”

“Tatu.”

Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Shawnda aligeuka kumkumbatia jirani yake, akamwangusha.

“Mbwa wa jirani yake aliitwa nani?”

Denny akafumba macho. “Yule mbwa aliniuma,” akasema. “Mara mbili. Mara ya pili tulikuwa hata haturekodi. Biskuti! Aliitwa Biskuti.”

“Sahihi!” Lyle akapiga kelele, akajisahau akakumbatia meza. Kadi ya tatu akaichomoa akiwa karibu kucheka. Akaisoma kimya kwanza. Kicheko kikamtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye sinki.

“Katika kipindi cha tisa,” akasema taratibu, “Kapteni Joto amevaa soksi za rangi gani?”

“Nyekundu.”

Lyle akaisoma kadi tena.

“Mzee, fikiri kidogo.”

“Nimefikiri. Nyekundu. Zilikuwa zinawasha kama upupu.”

“Ya kushoto waridi,” Lyle akasema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama inatoka chumba kingine, “ya kulia rangi ya chungwa.”

“Wewe! Nilizivaa mimi!”

“Ndiyo, mzee. Lakini wewe ulikuwa unatazama mbele. Sisi ndio tuliokuwa tunazitazama soksi.”

Watu wakatikisa vichwa kukubali, maana hilo lilikuwa kweli tupu. Denny aliwatazama mmoja mmoja, wenye majoho, wenye nywele za bandia, mwenye mlango wa friji. “Nimeruka maili elfu moja,” akasema, “nije kuambiwa sijijui?”

“Unaweza kurudi mwakani,” Ervin akamwambia kwa upole.

“Mwakani! Kijana, mimi nina miaka sabini na sita, hata ndizi mbichi sinunui, huenda nikafa kabla hazijaiva.”

“Mzee,” sauti ikasema kutoka dirishani. “Zunguka huku nyuma. Jikoni kuna choo, na hatuulizi mtu soksi.”

Ilikuwa mara ya kwanza sauti ya Marlene kusikika ndani ya ukumbi ule tangu mwaka wa yai. Lyle alihisi masikio yanamwaka moto. Mzee akakunja koti, akatoka kwenye matope, akazunguka jengo. Wakasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, kisha maji ya choo, kisha kicheko kikubwa cha akina mama.

Mkutano ukaendelea kama ratiba ilivyosema. Kitu cha kwanza kilikuwa hotuba ya Lyle kuhusu bawaba za mlango wa gari la Kapteni, kurasa kumi na tisa, yenye michoro. Alisimama kando ya kile kiti cha taa, akasoma. Alipofika ukurasa wa tatu, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa siagi ikaingia ukumbini, na nyuma yake sauti ya Denny.

“...basi Malkia Jokofu, yule mwigizaji, alikuwa na mzio wa barafu! Wakamtengenezea barafu ya sabuni. Siku ya kwanza akaanguka, akateleza, akapita chini ya kamera, akatoka mlangoni, tukampata barabarani anapiga simu kwa wakala wake!”

Jikoni wakapasuka kwa kicheko. Ukumbini, vichwa arobaini na sita viligeuka kama majani yamepigwa na upepo.

“Bawaba ya chini,” Lyle akaendelea, “ina parafujo nne, lakini katika kipindi cha kumi na moja...”

Mtu wa kwanza kuinuka alisema anakwenda dirishani kuongezewa kabichi. Wa pili akasema naye ni kabichi. Mara watu kumi na watano wamejazana dirishani, wanachungulia. Mle ndani Denny Vandermolen alikuwa amefunga aproni ya maua, amekunja mikono ya shati, anasukuma kinyunya kwa kifimbo huku anasimulia.

“Dada Marlene,” Shawnda akasema, amekwama dirishani kwa sababu ya mlango wake, “tuingie kidogo basi.”

“Ninyi mmefaulu,” Marlene akamjibu bila kugeuka. “Kaeni na ushindi wenu huko. Jikoni wanaingia waliokosa.”

“Ati nini?”

“Hiyo nayo ni kanuni. Kila mtu na zake.”

Shawnda akajichomoa, akafikiri kama nusu dakika, kisha akaenda moja kwa moja mezani kwa Ervin. “Niulize upya.”

“Umeshapita, dada.”

“Kanuni ya Sita. Mwanachama akitiliwa shaka anaweza kuulizwa upya. Mimi najitilia shaka. Niulize!”

Ervin, ambaye kanuni alizipenda zote sawa kama watoto wake, akatikisa kasha. “Kapteni Joto alikuwa fundi wa nini?”

“Wa nini? Kwani si aina ya supu?”

“Umekosa.”

“Asante!” Akambusu Ervin upara, akatoka nje mbio, mlango wa friji unapigapiga magoti yake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, inategemea unasimama chumba gani. Foleni ikapangwa upya, safari hii kuelekea nje. Watu waliokuwa wamekesha wiki nzima wakikariri mayai, bawaba na nambari za nyumba walisimama mbele ya Ervin wakajikosesha kwa nguvu zao zote. Malkia Jokofu alitaka nini? Kuolewa. Mji wao unaitwaje? Jumatano. Mhasibu mmoja mnene aliulizwa Kapteni aliungua mkono gani akajibu, “Wa tatu.” Walianza kushindana nani atakosa vizuri zaidi, wakapigiana makofi. Mwalimu mmoja wa hesabu, maskini, alibahatisha namba yoyote iliyomjia, ikawa sahihi. Akashika kichwa. “Niongeze lingine, Ervin, nakuomba, nina watoto!”

Lyle alisoma mpaka ukurasa wa kumi na moja. Alipoinua macho alikuwa anawasomea viti. Ervin tu ndiye aliyebaki, anafunga kasha la viatu kwa kamba.

“Na wewe, Ervin?”

“Nimejiuliza mwenyewe, nikakosa,” Ervin akasema, akitazama viatu vyake. “Njaa, Lyle. Na yule mzee anasimulia habari za mbwa.”

Lyle akabaki na kiti cha taa, kinanda cha umeme na kurasa nane. Kutoka dirishani mvuke ulikuwa unaingia, na kelele za watu arobaini na saba walioshindwa mtihani. Alijaribu kuketi kwenye kile kiti, lakini taa zilikuwa za moto, akainuka. Akaweka karatasi chini. Akavua joho, akafikiri, akalivaa tena kwa sababu ya baridi, akatoka nje, akazunguka jengo kwenye matope mpaka mlango wa nyuma.

Akagonga. Ervin akafungua kidogo, kasha la viatu kwapani. Watu walikuwa wamebanana mle ndani kama nguo kwenye sanduku.

“Niulize,” Lyle akasema.

“Wewe?”

“Uliza, bwana, kuna baridi.”

Waliokuwa jikoni wakasogea mlangoni ili wasikie. Ervin akachomoa kadi. “Nambari ya nyumba ya Kapteni Joto?”

Lyle akakaza meno. Alikuwa amejiandaa kusema saba. Alifungua mdomo aseme saba. “Mia nne na sita,” mdomo ukasema, “ghorofa ya pili, kitasa kibovu.”

“Sahihi,” Ervin akasema kwa huzuni.

“Lingine!”

“Mama yake alikuwa anafanya kazi wapi?”

“Sijui,” Lyle akasema, na jikoni wakaanza kushangilia, “sijui kwa nini mnaniuliza kitu chepesi namna hii, ni kwenye kiwanda cha vifungo, zamu ya mchana.”

“Aaah!” wakasema wote.

“Jamaa hajui kutojua,” Denny Vandermolen akasema, unga mpaka kwenye nyusi. “Nimeona watu wengi Hollywood, huyu sijamwona.”

“Mwambieni ajibu lolote!” Shawnda akapaza sauti kutoka ndani. “Lyle, sema ndizi! Lolote wakikuuliza sema ndizi!”

Ervin akachomoa tena. “Kipindi cha pili, tunda lililokuwa mezani?”

“Ndi...” Lyle akaanza, uso umemwiva, jasho linamtoka kwenye baridi ile, “ndi... ndiyo, lilikuwa peasi. Limeng’atwa upande.” Akaegemea mlango, akafunika uso kwa joho. Miaka arobaini alikuwa amejaza kichwa chake, na sasa hakikutaka kumwaga hata tone. Watu waliacha kucheka. Mtu mmoja akasema taratibu kwamba labda wampitishie sahani dirishani, kama siku zote.

“Hebu pisha, Ervin,” Marlene akasema.

Akaja mlangoni, upawa mkononi, mvi zimemtoka pembeni mwa kitambaa. Kwa karibu Lyle aliona kwamba amezeeka, na kwamba anafanana na mama yao kuliko alivyojua. Wakatazamana.

“Dada,” Lyle akasema.

“Nyamaza. Hapa ninauliza mimi.”

“Uliza.”

“Nina wajukuu wangapi?”

Lyle akafungua mdomo. Akangoja jibu litoke lenyewe kama yale mengine. Halikutoka. Alijua mpwa wake Curtis alioa, alisikia dukani. Alikumbuka kiti cha mtoto ndani ya gari la Marlene, mwaka mmoja, au pengine vilikuwa viwili. Alitafuta kila mahali kichwani, akakuta bawaba, akakuta nambari za nyumba, akamkuta Biskuti.

“Wawili?” akasema.

“Umekosa.”

Hakuna aliyeshangilia. Marlene akasogea kando, mlango ukawa wazi.

“Ingia,” akasema. “Na ufunge, mvuke unatoka.”

Lyle akaingia. Akapewa nafasi ya kusimama kati ya mhasibu na mlango wa friji. Denny akamsukumia kinyunya mbele yake na bakuli la viazi, akamwonyesha namna ya kukunja. Ya kwanza Lyle aliibana vibaya, ikafunguka kwenye maji, viazi vikaelea. Ya pili vilevile. Marlene akamnyang’anya uma, akabana moja, akamrudishia.

“Ni wanne,” akasema, macho kwenye sufuria. “Brianna, Joel, Tessa, na mdogo kabisa ni Augie.”

“Brianna,” Lyle akasema, anabana, “Joel... na Augie.”

“Tessa umemruka.”

“Yuko wapi Tessa?”

“Katikati. Kaza mkono, zinafunguka. Anza tena.”